Mwitikiaji katika Mtumbwi wa Papa Lofemba

Fataki anasema nimerudi bubu. Jumamosi iliyopita, katika karakana ya baba yangu ambako tunakutana kusomeana maandishi yetu kati ya cherehani mbili na rundo la kanzu zisizo na vifungo, alininyoshea kidole mbele ya wenzetu wote. "Amisi, zamani tulikuwa tunakuomba unyamaze. Leo tunakuomba useme. Mto umekufanya nini?" Nilisema nitaandika. Basi nimeandika. Habari za ruhusa na mihuri nimeziacha, kwa sababu kila mmoja wenu anazijua na hakuna anayezipenda.

Mnakumbuka nilivyoondoka. Tangu uhuru, kila kijana wa Kisangani mwenye shati jeupe amekuwa msemaji. Tulipanda juu ya makreti ya bia na kuhutubia masoko, na hotuba ikiisha tulishuka kumpa kila mtu mkono, kama tulivyowaona wakubwa wakifanya. Hata waasi walipouchukua mji, mimi niliendelea kuamini kwamba hakuna mlango usiofunguliwa na maneno mazuri. Ndipo habari ikatufikia kuhusu Zaina, dada yangu, muuguzi katika zahanati ya Barumbu, siku kadhaa kwa mtumbwi kuelekea chini ya mto. Mkubwa wa waasi wa huko alikuwa amemkataza kuondoka. Mama aliacha kula. Alikaa na sahani mbele yake akiuliza swali moja tu: "Nani ataenda kusema na hao watu?"

Nilisema nitaenda mimi, na sitarudi bila Zaina.

Nilikuwa na ushahidi wa kunitosha. Lile gazeti la Kifaransa ambalo Fataki aliliokota katika nyumba ya Mbelgiji aliyekimbia lilikuwa na maswali ishirini ya kukuambia wewe ni mtu wa aina gani. Ukiingia chumbani, je, watu hugeuka? Wenzako wakigombana, humtafuta nani? Niliyajibu yote, nikajumlisha alama, nikaangukia kundi la kwanza: mtu wa hadhara, kiongozi, mwenye kuvuta watu. Niliukata ukurasa ule, nikautia katika mfuko wa shati pamoja na hotuba yangu ya kurasa nne.

Kutoka ufukweni hadi Yakusu

Papa Lofemba ni mvuvi wa kule kwenye maporomoko, na wakwe zake wako Barumbu. Alikuwa na mtumbwi mrefu na wapiga kasia watatu, kati yao Bolamba, mtu mwenye pengo mbele na sauti ya kuamsha mtaa. Kabla ya kusukuma, Papa Lofemba alifumba macho akaomba kwa jina la Yesu. Mimi, kwa mazoea ya nyumbani, nikasema Bismillahi. Alifungua jicho moja.

"Bon. Mungu amesikia mara mbili. Twende."

Tulipofika maji mapana aliniangalia kutoka nyuma, pale anaposimama kushika uelekeo. "Weye iko mutu ya nini?"

"Mimi msemaji, papa. Na mwandishi."

"Kuimba unajua?"

"Sana."

"Alors, imba. Tuone."

Nikaimba wimbo wangu mwenyewe, ule wa mapambazuko ya taifa, ambao mnaujua kuwa una mistari mirefu. Wapiga kasia walisubiri mwisho wa mstari ili wazamishe makasia, na mwisho haukufika. Mmoja akazamisha mapema, mwingine akachelewa, kasia likagonga kasia, Bolamba akamwagiwa maji usoni, na mtumbwi ukaanza kugeuka kama unataka kurudi nyumbani.

"Mama yangu!" akapiga kelele Bolamba. "Huyu atatuzamisha na mashairi!"

Papa Lofemba hakukasirika. Alimrudishia Bolamba uimbaji, na mimi akaniweka katikati. "Hapo utaitikia," alisema.

Nieleze kazi hiyo, maana nanyi hamuijui. Bolamba anatupa neno, na mtu wa katikati anadaka neno la mwisho na kulirudisha, fupi, ili makasia yote yaume maji kwa pamoja. Wa mbele akiona gogo au mchanga na kusema, upepo unakula sauti yake. Mtu wa katikati ndiye anayeichukua na kuifikisha nyuma. Hakuna anayemsifu mwitikiaji. Akikosea tu ndipo wanakumbuka kwamba yupo.

Niliitikia mpaka Yakusu nikiwa nimenuna. Nilijiona kama mgeni wa heshima aliyekalishwa jikoni.

Kutoka Yakusu hadi Yangambi

Mvua ilitukamata baada ya Yakusu, tukavuta mtumbwi kwenye kijiji kimoja na kungoja. Mama mmoja alikuwa akiuza liboke, samaki aliyefungwa katika majani na kuwekwa juu ya makaa, pamoja na kwanga, mkate mgumu wa muhogo ulionukia moshi. Wenzangu walikula wakalala. Mimi nilibaki na yule mama kwa sababu banda lake halikuvuja. Alianza kunieleza juu ya mke mwenza wake aliyemnyima sufuria. Nikasema eee. Akaeleza juu ya sufuria yenyewe, ilikotoka. Nikasema, halafu? Mvua ilipokatika alikuwa amefika kwa mtoto wake wa kwanza aliyezikwa ng'ambo ya mto, na alikuwa akijifuta macho kwa upande wa kitenge. Alinifungia samaki wa pili bila kuombwa.

Papa Lofemba hakuwa amelala kama nilivyodhani. Tulipoingia mtumbwini alisema, "Ule mama, tangu miaka napita hapa, hajaniambia hata jina ya mutoto wake. Weye nusu siku, umepata yote."

"Sikufanya kitu, papa. Nilikuwa nasikiliza tu."

"Ndiyo nasema. Iko kazi yako."

Hilo liliniuma. Nilitoa ule ukurasa mfukoni, nikausoma kwa sauti na kuutafsiri, mpaka pale pasemapo kiongozi, mwenye kuvuta watu. Wapiga kasia walisikiliza kwa adabu.

"Na nani alijibu hayo maswali?" akauliza Papa Lofemba.

"Mimi mwenyewe."

"Ah, bon. Weye umemuuliza weye."

Bolamba alicheka mpaka akapoteza pigo lake la kasia. Niliukunja ukurasa, nikauweka mahali pake. Nilijiambia kwamba watu wa mtoni hawajui mambo haya, na kwamba Barumbu wataona.

Kituo cha chini ya Yangambi

Hatukufika Barumbu siku tuliyotaka. Chini ya Yangambi, waasi waliokaa katika stoo ya zamani ya kahawa walipunga bunduki, tukasogea ukingoni. Walikuwa kama kumi, wamejifunga makuti kichwani. Papa Lofemba alininong'oneza, "Nitasema mimi. Weye kaa."

Sikukaa. Niliruka ukingoni na hotuba mkononi, nikasoma ukurasa wa kwanza. Na niseme kweli, walisikiliza. Mmoja alitikisa kichwa pale niliposema damu ya wazee wetu. Moyo ulinijaa. Nilipomaliza nilifanya kile nilichofanya kila mara nikishuka kwenye kreti: nilimwendea aliye karibu, mtu mkubwa mwenye ndevu chache, nikaukamata mkono wake kwa mikono yangu miwili na kuutikisa.

Yule mtu aliutazama mkono wake kama umekatwa. Wenzake walirudi nyuma hatua mbili, na hawakunikimbia mimi. Walimkimbia yeye.

Hakuna mtu Kisangani asiyejua sheria ile. Mpiganaji aliyeogeshwa dawa hagusani na mtu ambaye hakuogeshwa. Akiguswa, dawa inamtoka, na risasi ambazo zingegeuka maji zinabaki kuwa risasi. Mama alinikumbusha mlangoni siku ya kuondoka. Nilijua, na mkono wangu ukasahau.

"Umeniua," yule mtu alisema taratibu.

Mkubwa wa kituo alitangaza hukumu palepale. Mtumbwi hautaondoka mpaka mganga aje. Akisema dawa inatengenezeka, tutapita. Akisema haitengenezeki, nitapelekwa pamoja na mtu yule mahali popote atakapopelekwa kupigana, na nitatembea mbele yake. Papa Lofemba alivua kofia akajipangusa jasho.

"Kinywa chako tulivumilia," aliniambia. "Sasa hata mukono inasema!"

Mtu yule aliitwa Likunda. Kwa kuwa wenzake hawakutaka kumkaribia, na mimi sikuruhusiwa kurudi mtumbwini, tuliwekwa pamoja chini ya ukingo wa paa la stoo, juu ya magunia matupu. Tulikaa hapo siku mbili. Saa ya kwanza nilijaribu kumwomba radhi kwa maneno yenye mpangilio.

"Nyamaza," alisema.

Nikanyamaza. Sikumbuki kama niliwahi kunyamaza hivyo tangu utoto. Nilikuwa namwona mama na sahani yake, na kila saa iliyopita niliihesabu kwa Zaina. Lakini sikuwa na neno lolote la kuharakisha jua, basi nikabaki nikitazama mto. Baada ya muda mrefu Likunda akaanza kusema, akiwa ameutazama mkono wake. Alikuwa mfanyakazi wa shamba la kahawa. Nikasema eee. Alijiunga na waasi kwa sababu ya msimamizi aliyempiga teke mbele ya mke wake. Halafu? Mke wake alikuwa Barumbu, na alijifungua wakati wa kiangazi, na mtoto alitanguliza miguu.

"Tulisema amekwisha. Donc, kulikuwa muuguzi, mwanamuke ya Kisangani, mufupi hivi. Anafokea watu. Anafokea hata ukuta! Alimufokea mutoto ndani ya tumbo, mutoto akatoka."

Rafiki zangu, nyinyi mnamjua Zaina. Kifua changu kizima kilitaka kusimama na kupiga kelele kwamba ni dada yangu, na kumsomea kurasa tatu zilizobaki. Nilijikamata goti. Nikasema, "Eee. Halafu?"

Na kwa sababu sikumkata, aliniambia kile ambacho hakuna aliyetufikishia nyumbani. Mkubwa wa Barumbu ana kidonda kibaya cha mguu. Naye ameogeshwa dawa, hivyo hawezi kuguswa ovyo. Waliamua kumwogesha Zaina ili mikono yake imguse, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo mikono pekee inayoweza kumfunga kidonda. Ndiyo maana haondoki. Watu wameshakuja kumwombea, mwalimu, katekista, hata mkwe wa mkubwa mwenyewe. "Kila mutu anakuja na karatasi," alisema Likunda. "Mukubwa anachukua zile karatasi, anawasha nazo moto ya chai."

Niliugusa mfuko wa shati.

Siku ya pili jioni, kabla jua halijazama, alikuwa anasema nami nikiitikia tu, mpaka tukafika mahali ambapo yeye mwenyewe alinyamaza, akafikiri, akanigeukia. "Kwa nini unaenda Barumbu?"

Nikamwambia kwa maneno machache: yule muuguzi ni dada yangu, mama hali chakula.

Alinitazama sana. Kisha akapiga paja na kucheka kwa mara ya kwanza. "Mufupi kama weye! Nilipaswa kujua."

Asubuhi yake mganga alifika, mzee aliyechoka mwenye ndoo na majani. Alimwosha Likunda mkono mpaka kwenye kiwiko, akanena maneno yake, akasema dawa itarudi, lakini kwa siku saba asishike bunduki. Aende kwake akapumzike.

Likunda aliingia mtumbwini kwetu, akakaa mbali na kila mtu, mkono umefungwa jani la mgomba. "Huko nitasema mimi," aliniambia. "Weye utaitikia."

Papa Lofemba alinikonyeza kutoka nyuma. Sikununa tena.

Barumbu

Tulifika asubuhi, wanawake wakitandaza samaki juani. Mkubwa alikuwa katika ua wa zahanati, amekaa kwenye kiti kirefu, mguu juu ya kigoda. Harufu ya kidonda ilifika kabla ya salamu. Nilimwona Zaina mlangoni, amekonda, kitambaa cheupe kichwani. Aliponiona aliziba mdomo kwa kiganja, kisha akanionyesha kwa macho mikono yangu: kaa nayo mbali. Niliificha nyuma ya mgongo.

Kwetu mtu hasemi peke yake mbele ya baraza. Likunda alisimama, nami nikasimama kushoto kwake, hatua moja nyuma. Alianza vizuri, halafu akapotea. Alisimulia vita, daraja, bunduki aliyoiteka, na nikaona macho ya mkubwa yanaanza kuzunguka.

"Eee," nikasema. "Na kiangazi ulikuwa wapi?"

"Kiangazi? Ah, kiangazi nilikuwa hapa. Muke wangu alikuwa na mimba."

"Eee. Mtoto alitanguliza nini?"

"Miguu!" akasema Likunda, na sauti yake ikabadilika. Akasimulia usiku wa uchungu, kelele za Zaina, na mtoto ambaye sasa anakaa mwenyewe bila kushikwa. Sikusema kitu kingine ila kudaka neno la mwisho na kumrudishia, kama nilivyofanya kwa Bolamba, na maneno yake yakapata pigo. Mwisho akasema: "Huyu mutu iko na mama. Mama hakuli. Muachie muuguzi aende amuone mama yake."

Mkubwa alinigeukia. "Na weye? Hauna karatasi?"

"Ninayo."

"Lete."

Nikaiweka hotuba chini mbele ya kigoda chake, nikarudi nyuma bila kumkaribia. "Ni ya moto wa chai," nikasema.

Watu walivuta pumzi. Mkubwa alizikodolea macho zile kurasa nne, akakoroma, na sikujua kama ni hasira au kicheko. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Akienda, nani atafunga huu mguu?"

Ukurasa wa tatu ulikuwa na jibu la swali hilo, lenye neno haki mara tano. Nilibaki nalo mdomoni kama mfupa. Nikasema, "Eee, mzee. Unauma?"

"Unauma!" akasema. "Na unanuka. Wananisalimia kutoka kule. Hata chakula wanasukuma na fimbo. Ule mwanamuke peke yake ndiye anakaa karibu, na yeye ananifokea."

"Eee."

"Kila siku ananifokea!"

"Halafu?"

Alimtazama Zaina, akamtazama Likunda. "Muke wako aliogeshwa?" akamuuliza.

"Aliogeshwa, mzee. Pamoja nami."

Hapo Zaina hakungoja mtu. Alitoka mlangoni kwa kishindo. "Mnipe siku tatu nimfundishe! Ana mikono mizuri kuliko yangu. Lakini mwenye mguu aache kutembeatembea, la sivyo hata malaika hatamponya!"

Mkubwa aliinua mkono kama anayejikinga na mvua. "Siku tatu," alisema. "Mumutoe hapa. Masikio yangu nayo yapumzike."

Kupanda mto

Kurudi ni kuzito, maji yakiwa dhidi yetu, na siku zikawa nyingi kuliko za kwenda. Zaina alishika kopo la kuchotea maji yaliyoingia mtumbwini na akatufokea sote kwa zamu. Kwenye kituo cha stoo ya kahawa alishuka yeye, na mimi nilibaki nimekalia mikono yangu. Yule mama wa liboke alimtazama Zaina, akaniuliza, "Ndiye?" Nikasema ndiye. Katikati ya mtumbwi hapakuwa na mabishano tena juu ya nani asimame pale. Bolamba alitupa neno, nikalidaka, makasia yakaingia majini kama kasia moja.

Karibu na Yakusu nilimuuliza Papa Lofemba kama alijua tangu mwanzo.

"Kujua nini? Niliona wimbo yako haina mahali ya kupumua. Nikasema, huyu tumuweke mahali atasikia wengine."

Ukurasa wa maswali bado ninao, Fataki. Nitauleta Jumamosi. Lakini safari hii tutaufanya namna nyingine: nyinyi mtajibu kwa ajili yangu, nami nitajibu kwa ajili ya kila mmoja wenu, na atakayekasirika atakasirikia kwake. Mimi sijaacha kuandika wala kuhutubia. Nimeamua tu kwamba kila riwaya nitakayoandika tangu sasa itakuwa na mtu anayesikiliza ndani yake, na kwamba mtu huyo nitamjua vizuri.

Tulifika mjini asubuhi. Njia nzima kutoka ufukweni nilikuwa nimepanga jinsi nitakavyomsimulia mama, nianze na mvua au nianze na mkono. Alikuwa mlangoni. Alimshika Zaina usoni, mabegani, akamgeuza kama nguo inayotazamwa mishono, akalia bila sauti. Kisha akamkalisha, akaleta wali, na kwa mara ya kwanza tangu habari ile ifike akachukua tonge naye akala. Alipomeza alinigeukia mimi. Nilifungua mdomo.

"Siku ile ulipoondoka," mama alisema, "nilisimama hapa mlangoni mpaka miguu ikafa ganzi."

Nikaufunga mdomo. Nikavuta kigoda karibu naye.

"Eee, mama," nikasema. "Halafu?"